Kufunga seva, kuzitengeneza kwa zamu, au kubadili toleo mchezo ukiendelea: njia ipi inaufaa mchezo wako?

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Unapita juu ya skrini kwa maandishi ya manjano: "Seva itazimwa baada ya dakika 15 kwa ajili ya matengenezo." Mchezaji aliye katikati ya pango, na wenzake wanne nyuma yake, anatazama saa na kupiga hesabu kama zimwi la mwisho litaanguka kabla ya dakika hizo kwisha. Wakimbilie mbele, au watoke sasa hivi wasije wakapoteza walichokwisha kuokota? Dakika 15 ni ndefu kwake. Ni ndefu zaidi kwa mtu aliyeuandika ule ujumbe.

Makala haya ni ya huyo wa pili. Pengine ulifungua seva ndogo kwa ajili ya marafiki, ikakua hadi ikajaa watu usiowajua hata kwa majina. Pengine uko kwenye timu inayotengeneza mchezo wake wa kwanza wa mtandaoni, na mmefika mahali pa kuamua matengenezo yatafanyika vipi. Nimeendesha seva ya mchezo wa kujenga kwa miaka kadhaa, na nimekuwa mchezaji kwa miaka mingi zaidi ya hiyo, kwa hiyo maumivu ya pande zote mbili nayajua. Nitaziweka njia tatu kando kwa kando: kufunga kila kitu kwa ratiba, kutengeneza seva moja moja kwa zamu, na kuendesha toleo la zamani na jipya sambamba bila kufunga.

## Kwanza, kwa nini seva haiachwi tu iendelee

Swali ambalo wachezaji huniuliza mara nyingi ni hili: kama jana ilikuwa nzima, kwa nini unaizima leo?

Chukua mfano mmoja. Zimwi limeuawa, mzoga umeondolewa kwenye ramani, wachezaji wamegawana nyara. Lakini ndani ya programu ipo orodha moja iliyosahaulika ambayo bado inalitaja zimwi lile, na maadamu inalitaja, nafasi iliyolibeba kwenye kumbukumbu ya mashine hairudishwi. Zimwi moja si kitu. Maelfu kwa maelfu, siku baada ya siku, yanaijaza kumbukumbu hadi mchezo unaanza kuganda, mlango unafunguka sekunde mbili baada ya kuguswa, na mwishowe seva inaanguka yenyewe, tena saa ambayo watu ni wengi kuliko wakati wowote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuizima na kuiwasha kwa saa uliyoichagua mwenyewe ni bora kuliko kungojea ichague yenyewe.

Kisha kuna hifadhidata. Kila upanga, kila sarafu na kila rafiki wa kila mchezaji ni mstari kwenye jedwali fulani. Majedwali hukua, mistari iliyofutwa huacha mapengo, faharasa (orodha zinazosaidia kuupata mstari haraka) huvimba. Na mchezo unapoongezewa kitu kipya, mara nyingi muundo wa majedwali yenyewe lazima ubadilike.

Usalama hauna subira kabisa. Desemba 2021 ulitangazwa mwanya katika Log4j, maktaba ya programu za Java inayofanya kazi moja ya kawaida sana: kuandika matukio kwenye daftari la seva. Minecraft ya Java ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha mapema ubaya wake. Mtu aliweza kuandika mstari mmoja kwenye gumzo la mchezo, seva ikaunakili kwenye daftari lake, na kwa kuunakili tu ikajikuta inatekeleza amri za mgeni. Wiki ile hapakuwa na ratiba ya mtu yeyote. Ilikuwa zima, weka toleo lililorekebishwa, washa.

Mengine ni ya kawaida: diski huchoka, feni hukwama, vyeti vya usalama huisha muda, na toleo jipya la mchezo kwenye simu au kompyuta ya mchezaji haliwezi kuelewana na seva inayosema lugha ya toleo la jana.

## Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa maswali yale yale matano. Inaweza kufanya kazi zipi na ipi haiwezi? Mchezaji anapoteza nini? Mambo yakiharibika, unarudi nyuma vipi, na data ya watu iko salama kiasi gani? Inahitaji watu na mashine kiasi gani? Na inamfaa nani?

Kuna jambo moja linalopita ndani ya yote matano, nami nalipa uzito kuliko mengine: hali ya mchezo inaishi wapi, na inaishi kwa muda gani. Mchezo wa mechi za dakika 20 hausahau kitu cha maana mechi ikiisha. Ushindi unaandikwa, ulingo unavunjwa. Ulimwengu wa kudumu, ambamo nyumba uliyojenga mwaka juzi bado imesimama, hauna wakati wa kuisha. Tofauti hiyo peke yake huamua zaidi ya nusu ya mambo.

## Njia ya kwanza: kufunga kila kitu kwa ratiba

Hii ndiyo njia kongwe, na wanaoitumia si wanyonge. EVE Online, ulimwengu mmoja wa anga ambamo wachezaji karibu wote wako pamoja, imekuwa ikifungwa kila siku saa 5 asubuhi kwa majira ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), yaani 11:00, tangu miaka yake ya mwanzo baada ya kuzinduliwa 2003. World of Warcraft ina siku yake ya wiki: Jumanne kwa Amerika Kaskazini, Jumatano kwa Ulaya. Final Fantasy XIV hufunga milango karibu siku nzima kabla ya masasisho yake makubwa.

Kazi inazoweza. Zote. Hakuna mchezaji ndani, hakuna anayeandika chochote, kwa hiyo unaweza kubadili muundo wa majedwali, kuhamisha diski, kupandisha toleo la mfumo endeshi, na kuchukua nakala ya akiba iliyo kamili.

Hilo la nakala ya akiba nataka nilikalie kidogo, maana ndilo lililonifundisha. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nanakili folda ya ulimwengu huku seva ikiendelea kufanya kazi. Ilionekana haina shida. Faili zilinakilika, ukubwa ulilingana. Siku diski ilipokufa nikarudisha nakala ile, na ndipo malalamiko yakaanza. Mchezaji mmoja alikuwa na almasi zilezile mara mbili, kwenye sanduku na mfukoni. Mwingine hakuwa nazo popote. Sababu ni kwamba vipande vya ramani na mifuko ya wachezaji vinakaa kwenye faili tofauti. Nakala ilichukua sanduku kabla mtu hajatoa almasi, kisha ikachukua mfuko wake baada ya kuzitia. Kwa mwingine ikawa kinyume chake. Tangu hapo, kwenye seva ya Minecraft, nasimamisha kwanza uandishi kwa amri ya save-off, nalazimisha kila kitu kiandikwe diskini kwa save-all, nanakili, ndipo nairudisha hali ya kawaida kwa save-on. Ukiwa umezima kabisa, huhitaji hata kuyafikiria hayo.

Anachopoteza mchezaji. Muda, tena unaohesabika. Saa 2 kwa wiki ni saa 104 kwa mwaka. Dakika 15 kila siku ni takribani saa 91. Kwa asilimia, hiyo ya kwanza ina maana mchezo uko wazi kwa asilimia 98.8 ya mwaka hata kama hakuna ajali yoyote. Mtu akikuahidi asilimia 99.9, anaahidi kufungwa kwa chini ya saa 9 mwaka mzima, na hawezi kuwa na saa 2 za kila wiki.

Lakini muda unaojulikana mapema hauumizi kama muda wa kushtukiza. Wachezaji hujipanga nao, hata huuingiza kwenye mchezo wenyewe. Vita kubwa ya B-R5RB katika EVE, Januari 2014, ilipiganwa kwa takribani saa 21 na kumalizwa na saa ya kufungwa kwa seva; makamanda walijua tangu mwanzo kwamba saa hiyo inakuja, na waliiweka kwenye hesabu zao kama wanavyoziweka meli.

Tatizo la haki lipo pia. Dunia haina saa ambayo watu wote wamelala. Ukichagua alfajiri ya bara moja, umechagua jioni ya bara jingine, na wachezaji wa huko ndio watakaokosa mchezo kila mara. Ikiwa seva zako zimegawanywa kwa kanda, kila kanda ifunge kwa saa yake. Ikiwa ulimwengu ni mmoja, chagua saa yenye watu wachache kwa kuangalia takwimu zako mwenyewe, usiibadilishe ovyo, na katika tangazo andika saa kwa UTC na kwa mtindo wa saa 24. "Saa 5" peke yake imewahi kuniletea watu saa tano baada ya kazi kwisha.

Kurudi nyuma. Hapa njia hii haina mshindani. Una nukta moja safi: hali ilivyokuwa kabla ya kufungua. Sasisho likienda kombo kabla hujaruhusu watu kuingia, unarudisha nakala na hakuna aliyepoteza hata sarafu moja.

Hatari yake iko kwenye kufungua. Watu wote waliokuwa wakisubiri hubonyeza kitufe dakika ileile, hifadhidata ikiwa bado baridi, yaani haijapakia kwenye kumbukumbu data inayoulizwa mara kwa mara, na seva iliyotoka kupona inaangushwa na furaha ya wanaorudi. Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, ilipokuwa ikirudi baada ya kuzimika kwa saa 73 mwishoni mwa Oktoba 2021, wahandisi wake waliwaruhusu wachezaji kurudi kwa mafungu, huku wakichunguza mzigo kabla ya kuongeza fungu jingine. Fanya hivyo hata kama una wachezaji mia mbili tu: foleni ya kuingia ni jambo dogo kuliandika, na itakuokoa.

Watu na mashine. Mtu mmoja anatosha, na mashine moja inatosha. Anachohitaji ni orodha ya hatua iliyoandikwa mapema na nidhamu ya kutangaza muda mrefu kuliko anaodhani atautumia. Ukisema saa 3 ukafungua baada ya 2, umewafurahisha. Ukisema 1 ukafungua baada ya 2, umevunja ahadi kwa kazi ileile.

Inamfaa nani. Ulimwengu wa kudumu, timu ndogo, mchezo unaobadilika muundo mara kwa mara, na jamii inayojuana kiasi cha kusoma matangazo.

## Njia ya pili: seva moja moja, kwa zamu

Mchezo mzima haufungwi. Unaichagua seva moja, unaacha kuipelekea wachezaji wapya, unawasubiri waliomo wamalize, unaitengeneza, unairudisha, unakwenda kwenye inayofuata. Mafundi huita hatua hiyo ya kusubiri kuikausha seva.

Kazi inazoweza. Chochote kilicho ndani ya seva ya mchezo yenyewe: toleo jipya la programu, mfumo endeshi, kumbukumbu iliyovuja, diski inayopiga kelele. Isichoweza ni kile ambacho seva zote hukitumia kwa pamoja. Ukiwa na seva 40 za mechi lakini hifadhidata moja ya akaunti, zamu zote duniani hazitakuwezesha kubadili hifadhidata hiyo bila kufunga mlango wa kuingilia.

Pia itifaki. Ikiwa toleo jipya linasema lugha tofauti na la zamani, basi wakati wa zamu wachezaji waliosasisha na wasiosasisha hawawezi kuwekwa mechi moja. Foleni inagawanyika mara mbili na kila upande unasubiri zaidi. Kwa sababu hiyo hata michezo mikubwa ya mechi hufunga kabisa sasisho linapokuwa kubwa. Fortnite, kwa mfano, huzuia kwanza kuanzisha mechi mpya, huwaacha waliomo wamalize, ndipo seva zifungwe. Ni ukaushaji uleule, ila unafanywa kwa seva zote mara moja.

Anachopoteza mchezaji. Karibu hakuna, ikiwa mechi ni fupi. Wengi hawatajua kama kuna kilichotokea. Lakini angalia mechi yako ndefu kuliko zote ina urefu gani, siyo ya wastani. Seva haikauki hadi mechi ya mwisho iishe, na kundi moja lililong'ang'ania kwa saa 3 linaisimamisha zamu nzima. Weka kikomo, na ukitangaze ndani ya mechi yenyewe.

Kurudi nyuma. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kosa linaonekana likiwa bado dogo. Seva ya kwanza iliyosasishwa ni kipimo. Iache ifanye kazi kwa saa kadhaa, linganisha makosa kwenye daftari lake na ya zile za zamani, na ukiona dalili mbaya unasimama hapo, ukiwa umewaumiza wachezaji wa seva moja tu.

Ila usidhani zamu inafichua kila kitu. Kule kuzimika kwa Roblox kulitokana kwa sehemu na kipengele kipya cha mfumo wa Consul, ambao seva zao hutumia kujuana, na kipengele hicho kilikuwa kimeingizwa pole pole, sehemu baada ya sehemu. Kilifanya kazi vizuri hadi kilipokutana na mzigo mkubwa wa kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Kasoro inayoamshwa na wingi haiamki kwenye seva moja ya majaribio.

Watu na mashine. Lazima uwe na nafasi ya ziada. Ukiwa na seva 10 na ukatoa 2, zile 8 zibebe mzigo wote bila kuhema. Ukiwa na 2 na ukatoa 1, umetoa nusu ya mchezo wako, na ni heri ungefunga kwa nusu saa. Unahitaji pia kifaa cha kupanga mechi kinachojua seva ipi inakaushwa. Siku hizi si lazima ukijenge mwenyewe: Agones, mradi wa programu huria ulioanzishwa na Google pamoja na Ubisoft mwaka 2018, hufanya hasa kazi hiyo ya kuhakikisha seva yenye wachezaji ndani haizimwi hadi mechi yao iishe.

Inamfaa nani. Michezo ya mechi fupi, yenye seva nyingi zinazofanana, na timu yenye angalau mtu mmoja anayeelewa miundombinu vizuri.

## Njia ya tatu: matoleo mawili sambamba

Hii ndiyo wachezaji huipenda kuliko zote, na ndiyo timu changa huiwazia mapema kuliko inavyofaa. Toleo jipya linawashwa pembeni ya la zamani. Wanaoingia sasa wanapelekwa jipya, walio ndani wanaendelea na la zamani hadi wahame wenyewe au muda uishe. Guild Wars 2, iliyotoka 2012, imejengwa hivyo tangu msingi: toleo jipya likiwa tayari, mchezaji huona taarifa ndogo na muda wa kuhesabu, anatoka anapopata nafasi, anapakua, anarudi. Ulimwengu haufungwi.

Binamu wa njia hii ni kiraka cha papo hapo: kubadili namba fulani, mathalani nguvu ya silaha iliyozidi kiasi, bila kuzima chochote. World of Warcraft hufanya hivyo katikati ya wiki, licha ya kuwa na siku yake ya kufunga. Kuna hata lugha ya programu, Erlang, iliyobuniwa kwa ajili ya mitambo ya simu na inayoruhusu kubadilishiwa msimbo huku ikiendelea kufanya kazi.

Kazi inazoweza. Masasisho ya mchezo, karibu yote. Mabadiliko ya hifadhidata yanawezekana, lakini kwa jasho. Tuseme unataka kila upanga uwe na kiwango cha uchakavu. Ukifunga mchezo, unaongeza safu kwenye jedwali, unaijaza, unafungua. Usipofunga, toleo la zamani halijui kwamba safu hiyo ipo. Mchezaji aliye kwenye toleo la zamani anauza upanga kwa aliye kwenye jipya, na mstari unaandikwa bila uchakavu. Toleo jipya lifanye nini nao? Kwa hiyo unagawa kazi: wiki hii unaongeza safu tupu ambayo hakuna anayeilazimisha, wiki ijayo unatoa toleo linaloijaza na linalovumilia kuikuta tupu, kisha programu ya pembeni inajaza mistari ya zamani kidogo kidogo, na mwisho kabisa ndipo unaifanya iwe ya lazima. Sasisho moja limekuwa manne. Kila moja linahitaji kupimwa na lililolitangulia na linalolifuata.

Anachopoteza mchezaji. Dakika chache za kupakua, kwa wakati anaouchagua kiasi. Wakati mwingine atakuwa na rafiki aliye kwenye toleo jingine na hawataonana kwenye ramani moja hadi wote wahame. Ni usumbufu mdogo.

Kurudi nyuma. Kwa msimbo, rahisi kuliko njia zote: unawarudisha watu kwenye toleo la zamani ambalo bado liko hai. Kwa data, ngumu kuliko njia zote. Hakuna nukta safi ya kabla na baada. Kitu kipya kikishazaliwa, kikauzwa, kikageuzwa kuwa sarafu na sarafu zikanunua vingine, huwezi kukitoa bila kubomoa siku ya watu ambao hawakuwa na kosa. Na mtindo huu haukingi dhidi ya kila kitu: Mei 2020 seva za Ulaya za Guild Wars 2 hiyohiyo zilizimika kwa saa nyingi kwa tatizo la hifadhidata, na wachezaji wakarudishwa kwenye hali ya nyuma.

Watu na mashine. Kwa saa kadhaa unalipia karibu mashine mara mbili. Hilo ni dogo. Gharama kubwa ni fikra: kila mtu anayeandika msimbo lazima kila siku ajiulize kama toleo la jana litaelewa anachokiandika leo. Timu ambayo haijalizoea swali hilo italijibu vibaya mara kadhaa, na kosa la aina hii halionekani siku hiyohiyo. Linaonekana wiki mbili baadaye, kwenye mfuko wa mchezaji.

Inamfaa nani. Mchezo wenye wachezaji wa kanda zote za saa wakiwa pamoja, ambao kufungwa kwa saa moja ni hasara kubwa, na timu iliyoamua hivyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Kuliingiza jambo hili kwenye mchezo uliokwisha kujengwa bila kulifikiria ni sawa na kubadilisha msingi wa nyumba watu wakiwa wamelala ndani.

## Dharura haziulizi umechagua ipi

Mwaka 2011 PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya michezo ya Sony, ilidukuliwa, ikafungwa tarehe 20 Aprili na kukaa bila kufanya kazi kwa siku 23, huku akaunti zipatazo milioni 77 zikiguswa. Kwa uvamizi wa namna hiyo hakuna zamu wala matoleo sambamba. Kuna kufunga tu. Kwa hiyo hata ukichagua njia ya tatu, lazima ujue kufunga kila kitu kwa utulivu: amri ipi, kwa mpangilio gani, nani anatangaza, wapi. Jizoeze angalau mara moja kwa hiari. Na ukurasa wa kutangazia hali ya seva usiuweke kwenye seva ileile inayozimwa. Nimeliona kosa hilo mara nyingi mno: mchezo umelala, na mahali pa kueleza kwa nini umelala pamelala nao.

## Uamue vipi, kwa hali yako

Una seva moja, unaiendesha mwenyewe, wachezaji ni makumi hadi mamia. Funga kwa ratiba. Dakika 20 kila wiki, siku ileile, saa ileile, zitakupa nakala ya akiba unayoweza kuiamini na usingizi. Usione haya kwamba wakubwa hawafungi. Wengi wao wanafunga.

Una mchezo wa mechi, seva kadhaa zinazofanana, na wachezaji ni wengi jioni lakini wachache alfajiri. Tumia zamu kwa masasisho madogo na ya usalama, na panga kufunga kabisa mara moja kwa mwezi au miezi miwili kwa ajili ya hifadhidata na mabadiliko ya itifaki. Mchanganyiko huu ndio ninaouona ukifanya kazi vizuri kwa timu za watu watatu hadi kumi.

Una ulimwengu wa kudumu lakini umegawanywa katika ramani nyingi zinazojitegemea. Jaribu zamu ramani kwa ramani, ukiwapa wachezaji mahali pa kuhamia. Ikiwa ramani zinabadilishana vitu kila sekunde, rudi kwenye kufunga kwa ratiba. Utapata tabu kidogo kuliko kuwinda vitu vilivyojirudia.

Unaanza mchezo mpya, hujaandika kitu, na unatarajia wachezaji wa mabara yote kwenye ulimwengu mmoja. Huu ndio wakati wa kuifikiria njia ya tatu, maana baadaye itakuwa ghali. Anza na tabia moja tu: kila ujumbe kati ya mchezo na seva, na kila mstari wa hifadhidata, ubebe namba ya toleo lake. Hata ukiamua kufunga kwa ratiba miaka yote, namba hiyo haitakudhuru.

Mchezo wako una pesa halisi za wachezaji ndani, iwe ni ada ya mwezi au vitu vya kununua. Njia yoyote utakayochagua, amua sasa fidia itakuwa nini mkipitiliza muda. Final Fantasy XIV ilipozidiwa na foleni wakati wa Endwalker, nyongeza yake kubwa ya Desemba 2021, kampuni iliwapa waliojiandikisha siku 7 za bure, kisha ikaongeza 14, na ikasimamisha kwa muda kuuza mchezo ili waliomo wapate nafasi.

Na ikiwa umesoma hadi hapa na bado hujui, fungua daftari la seva yako la mwezi uliopita. Hesabu ni mara ngapi ilianguka yenyewe, na saa ngapi. Angalia mechi au ziara ndefu kuliko zote ilichukua muda gani. Kisha chukua nakala yako ya akiba ya jana, irudishe kwenye mashine nyingine, ingia ndani, fungua masanduku uone kama vitu vipo. Isiporudi sawasawa, funga kwa ratiba kuanzia wiki hii hadi irudi, ndipo uzifikirie njia nyingine.